Tiketi Nne za Kuona Majani

Merkem, 17 Juni 2018

Mwanangu Bavo,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi mzima, ila goti la kushoto linanisumbua nikipanda ngazi. Agnes wa jirani anasema ni dalili ya mvua, lakini mvua yenyewe haiji. Agnes huyohuyo amenunua kuku wapya, weupe pe, na kila siku wanatoroka kuja kuchakura maua yangu. Nikilalamika ananijibu, "Godelieve, washukuru, wanakupalilia bure." Hajabadilika hata kidogo.

Baba yako yumo karakanani tangu asubuhi. Msimu huu kila mtu anakumbuka kwamba ana baiskeli. Wanamletea vyuma vilivyolala ghalani tangu enzi za babu zao, wanataka vikimbie kesho. Kazi inamzidi, lakini hajamwajiri mtu. Anasema vijana wa siku hizi hawajui kunyoosha ringi. Ringi wewe ndiye uliyekuwa ukimnyooshea, na nikilisikia neno hilo nafurahi moyoni.

Simu naiogopa, maana iko sebuleni na baba yako ana masikio. Ndiyo maana nakuandikia.

Nina wazo. Mwanasheria wako aliniambia kwamba mwaka huu unaruhusiwa kuomba kutoka kwa siku moja. Mwisho wa Oktoba nataka twende Kalmthout, kwenye bustani ya miti, tukaone majani kama zamani. Hatujaenda tangu... hatujaenda siku nyingi. Unakumbuka mwaka ule baba yako alipopotea njia baada ya Antwerp, akakataa kuuliza mtu, tukajikuta Uholanzi? Akasema, "Nimewaleta makusudi, muone nchi za watu." Nyinyi wawili huko nyuma mlicheka mpaka mkashikwa na kwikwi.

Omba hiyo ruhusa. Baba yako niachie mimi.

Mama yako


Gerezani, 8 Julai 2018

Mama mpenzi,

Pole kwa goti. Kikapu cha nguo usipande nacho, mwachie Baba akubebee. Mimi sijambo. Wamenihamishia kwenye kazi ya udobi, joto ni la jikoni lakini siku zinakwenda upesi. Nalala chumba kimoja na mzee mmoja wa Oostende, anaitwa Marcel, anakoroma kama trekta. Juzi akaniuliza kwa nini macho yangu mekundu. Nikamwambia, "Usiku kucha umenilimia kichwani." Amekwenda anawasimulia watu wa korido nzima.

Barua yako niliisoma, nikaiweka, nikaisoma tena. Nimeomba. Majibu huchukua miezi. Kwenye fomu waliuliza siku hiyo nitakuwa na nani, nikaandika: wazazi wangu. Kalamu ilisita hapo kwenye "wazazi".

Mama, Baba amesema nini? Nataka neno lake mwenyewe, hata likiwa baya. Tangu mahakamani sijaisikia sauti yake, na huu mwaka wa pili. Wewe ulikuja mara mbili, halafu ukaacha, na sijakuuliza sababu. Lakini hili nakuuliza. Usinipakie asali.

Wako,
Bavo


Merkem, 26 Agosti 2018

Mwanangu,

Niwie radhi kwa kukawia. Joto la mwaka huu limetunyongesha. Nyasi zimekuwa kama mkeka mkuukuu, na mfereji umeshuka hadi mabaki ya baiskeli za watu yanaonekana. Baba yako anakwenda kuyatazama kama mtu aliyekwenda kuangalia maiti. Miti imeanza kuangusha majani kabla ya wakati, nami naogopa tusije tukakuta matawi matupu. Agnes ananicheka. "Mtaendesha saa mbili kwenda kutazama majani yanayokufa? Njoo uchukue ya kwangu, na reki nakuazima."

Unauliza baba yako alisema nini. Nilimwambia mezani siku ya Jumapili, tukila kuku na viazi. Nikasema, "Wilfried, Oktoba tunakwenda Kalmthout, na Bavo atakuwepo." Akamkata yule kuku vipande vidogo vidogo, akavila vyote. Halafu akasema viazi havijaiva.

Hakusema hapana, Bavo. Hapana ya baba yako unaijua, huwa hachelewi kuitoa.

Uliniuliza pia bila kuniuliza kwa nini niliacha kuja. Kila nilipotoka kwako nilimkuta hajala, na meza niliyoiandaa haijaguswa. Sikuweza kuwatazama nyote wawili kwa wiki moja. Basi.

Tarehe kumi na mbili Katrijn angetimiza ishirini na tano. Niliamka nikaoka keki, na ilipotoka jikoni nikakumbuka sina wa kumpa. Nikampelekea Agnes, akaipokea kwa mikono miwili.

Sasa ombi langu. Siku hiyo usituletee habari za usiku ule. Mahakamani yalisemwa yote: harusi ya binamu yenu, bia ulizokunywa, kwamba wewe ndiye uliyeshika usukani na dada yako amekaa kando yako, na ule ukuta wa daraja. Hayo yananitosha. Daktari alisema Katrijn hakusikia kitu, alizimika kama taa. Mimi usingizi ninaoupata naupata kwa sababu ya neno hilo. Najua ni wewe peke yako uliyekuwa naye. Sitakuuliza, na wewe usiniambie.

Kula vizuri.

Mama yako


Gerezani, 7 Oktoba 2018

Mama,

Natumaini goti ni afadhali. Askari wetu waligoma tena, barua zikakaa mahali wiki mbili, ndiyo maana kimya. Katika mgomo tunafungiwa ndani mchana kutwa, na Marcel alinifundisha karata za wazee wa bandarini. Anaiba waziwazi, na nikimkamata anasema macho yake hayaoni vizuri.

Ruhusa imetoka. Jumamosi tarehe 27, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku.

Ombi lako nimelisoma.

Bavo


Merkem, 16 Oktoba 2018

Mwanangu, mwanangu,

Leo sina habari za kuku wala za goti! Nimeisoma barua yako nimesimama mlangoni, na tarishi akaniuliza kama nimeshinda bahati nasibu.

Nitabeba supu ya liki kwenye chupa ya chai, mikate ya jibini, mayai ya kuchemsha, na vile vitafunio vya tangawizi ulivyokuwa ukiviiba. Koti lako la buluu nimelipeleka kwa dobi. Jana baba yako alitoa gari nje, akabadilisha oili, akapanguza vioo, na mimi nilikuwa dirishani najifanya namenya karoti. Alipoingia kunawa mikono akauliza, bila kunigeukia, "Lango linafunguliwa saa ngapi?"

Nikamwambia, "Saa mbili."

"Basi tuondoke mapema, njia ya Ghent huwa inajaa."

Ni hayo tu. Lakini ni maneno yanayokuhusu, na yametoka kinywani mwake. Nilikwenda ghalani nikalia mpaka nikatosheka.

Lala vizuri. Vaa soksi nzito.

Mama


Gerezani, 1 Novemba 2018

Mama mpenzi,

Leo ni Sikukuu ya Watakatifu Wote, na najua mko makaburini na maua yenu. Mwekee moja la kwangu. La manjano, usichukue yale meupe. Alikuwa akisema meupe ni ya watu wasiojulikana.

Naiandika siku ile yote, hata yale uliyoyaona mwenyewe, kwa sababu humu ndani vitu huyeyuka nisipoviandika.

Ulishuka garini ukanikumbatia pale langoni, ukanivisha koti kama mtoto wa chekechea. Likanibana mabegani. Ukasema, "Wanakulisha nini humo?" Nikasema, "Viazi." Ukasema, "Afadhali, nilidhani ni hamira." Baba hakushuka. Nilikaa nyuma yake, mahali pangu pa siku zote, na kando yangu ukaweka kikapu cha chakula. Njia nzima nilikuwa naitazama shingo yake. Ni lini imekuwa ya mzee vile? Nilimwambia, "Habari za asubuhi, Baba." Akakiinua kioo cha kati kidogo, ikawa inaonekana dari tu. Wewe ukaongea mpaka Antwerp bila kupumua, Mama. Asante. Kama si wewe tungesikia tairi tu.

Halafu pale dirishani pa tiketi. Yule mama mwenye skafu akauliza, "Wangapi?"

Baba akasema, "Wanne."

Nilikutazama, na wewe ulikuwa unatazama chini. Yule mama akazikata nne, akachungulia nyuma yetu. "Mwingine yuko njiani?"

Baba akajibu, "Ndiyo." Akalipa, akaitia ile ya nne mfukoni mwa shati, akatangulia ndani. Hakujua amesema nini mpaka alipofika kwenye ile njia ya changarawe. Nilimwona akisimama ghafla, mkono mfukoni.

Ukame haukuiharibu miti kama ulivyoogopa. Ile mifupi ya Kijapani ilikuwa myekundu kama makaa yaliyopulizwa, na upepo ukipita majani yanakuja chini taratibu, yanachagua pa kutua. Ulitushika mikono sote wawili, ukawa katikati kama askari aliyekamata wezi. Baba hakuuondoa mkono wake. Tukala mayai na supu, na kila aliyepita akatutakia mlo mwema. Nilijisahau. Kwa dakika chache nilikuwa mtu aliyetoka matembezini na wazee wake. Nilicheka ulipomfukuza yule bata, halafu nikamwona Baba ananitazama nikicheka, nikaacha.

Kisha tukafika kwenye mti wa Katrijn, ule ambao majani yake yakianguka hunukia sukari iliyoungua. Mti wa keki, alivyouita alipokuwa na miaka mitano, na sote tukaufuata kuuita hivyo. Ulikuwa wa manjano mtupu. Wewe uliokota jani moja, ukalinusa, ukasema utakwenda kutuletea kahawa. Najua kwa nini ulikwenda.

Foleni ilikuwa ndefu. Baba na mimi tulikaa kwenye benchi. Tulizungumza kidogo. Mambo ya baiskeli.

Jioni langoni alishuka garini. Ulidhani atanikumbatia, nilikuona umegeuka makusudi ili utuachie nafasi. Hakunikumbatia. Alinifunga kifungo cha juu cha koti, akarudi kwenye usukani.

Ndiyo siku yangu hiyo. Ahsante kwa siku hiyo.

Bavo


Merkem, 25 Novemba 2018

Bavo,

Salamu. Baridi imeingia. Agnes amewafungia kuku wake, na maua yangu yamekufa hata hivyo.

Baba yako haendi karakanani. Amebandika karatasi mlangoni kwamba anaumwa, watu wanarudi na baiskeli zao. Nimemkuta mara tatu amekaa chumbani kwa Katrijn, si kitandani, sakafuni, mgongo ukutani. Nikimletea chakula anasema asante kama mgeni.

Niliporudi na zile kahawa, Bavo, niliuona uso wake nikiwa bado mbali. Nilidhani ni baridi. Nikampa kikombe, akakishika mpaka kikapoa, hakukinywa. Nilinyamaza kwa kuwa siku ilikuwa nzuri na sikutaka kuivunja.

Unaniandikia "mambo ya baiskeli". Nimeolewa na mtu huyu zaidi ya miaka thelathini. Baiskeli haziwezi kumfanya vile.

Ulimwambia nini?

Mama


Gerezani, 9 Desemba 2018

Mama,

Pole kwa yote. Marcel ana homa, nampelekea chai.

Uliniomba jambo moja, nami nakuheshimu kwa hilo moja. Sina kingine cha kukupa humu ndani. Sitaandika.

Kama ni lazima, muulize Baba. Lakini Mama, nakusihi: kabla hujamuuliza, jiulize kwanza kama unataka kweli. Kikishaingia hakitoki.

Krismasi njema, ikiwezekana.

Bavo


Merkem, 20 Januari 2019

Mwanangu,

Sikukuandikia Krismasi. Sikumwandikia mtu. Agnes alileta mkate wa zabibu, tukaula. Ndugu zako wa Ieper wanakusalimu, au walisema wanakusalimu.

Nilimuuliza.

Amerudi karakanani baada ya mwaka mpya, nikamfuata huko. Alikuwa amening'iniza gurudumu, analizungusha, hatengenezi kitu. Nikasema, "Wilfried, mlizungumza nini kwenye benchi?"

Akasema, "Rudi ndani, Lieve, kuna baridi."

"Mimi ni mama yake."

"Ndiyo maana nakwambia rudi ndani."

Sikurudi. Nikaliketia lile sanduku la tairi. Mwishowe akalishika gurudumu likasimama, na akaongea huku amelishika.

"Mimi ndiye niliyemuuliza, usimlaumu yeye. Nilimwambia, daktari alisema dada yako alizimika papo hapo. Wewe ulikuwepo, ni kweli? Akainama akaokota jani. Nikamwambia, Bavo, sijakuuliza kitu tangu siku ile, nakuuliza hiki kimoja. Ndipo akasema, hapana, Baba."

Amenieleza yote. Kwamba ulimtoa Katrijn garini ukampakata kwenye majani ya ukingoni, na gari la wagonjwa lilikuwa bado mbali. Kwamba alikuwa akizungumza. Hakulalamika maumivu. Alikuwa anatafuta kiatu. Kimoja kilimvuka, akawa anapapasa gizani na kusema, "Mama ataniua, ni viatu vyake."

Vile vya kijani, Bavo. Vya kisigino. Nilivivaa mara moja tu, ubatizo wa mtoto wa Ieper. Sikujua hata kwamba alivichukua. Sikuwahi kuvikosa, maana tangu mazishi sijavaa kiatu cha kwenda sherehe yoyote.

Na ningemgombeza. Hilo ndilo linalonikata. Angerudi asubuhi navyo vina matope, ningesimama jikoni na mikono kiunoni, ningemwambia maneno mpaka jirani wasikie. Alinijua. Alikuwa sawa kuniogopa.

Nilidhani nikiyajua nitakufa. Sikufa. Nilikwenda nikapika viazi.

Sasa lililobaki, na nakwambia bila asali kama ulivyotaka. Mwezi wa nne unatoka. Baba yako amesema usije hapa. Nilimkasirikia, nikampigia kelele kama sijawahi. Akangoja nimalize. Akasema, "Simchukii. Nimejaribu na imenishinda, ni mwanangu. Lakini nikimtazama namsikia Katrijn anatafuta kiatu. Nitafanyaje, Lieve? Niambie nitafanyaje." Jumatatu iliyopita amemwajiri mtu wa Houthulst pale karakanani.

Nimekupatia chumba Ghent, kwa mjane mmoja anayejuana na Agnes. Siku yako ya kutoka nitakuwa langoni. Nitakuja kwa treni, peke yangu. Tutakunywa kahawa, nitakutandikia kitanda, nitakujazia kabati. Halafu jioni nitarudi Merkem kwa baba yako. Itakuwa hivyo siku hiyo, na Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, mpaka goti lishindwe. Usiniulize nimemchagua nani. Sijachagua. Nimekatwa tu vipande viwili, na kila kimoja kina ratiba yake ya treni.

Kuna kitu kimoja baba yako hakukuuliza, nami tangu siku ile kinanizunguka kichwani. Katrijn alipokwambia "Mama ataniua", wewe ulimjibu nini?

Niambie. Nakufungua na ombi langu la zamani.

Mama yako


Gerezani, 27 Januari 2019

Mama mpenzi,

Pole kwa goti na kwa baridi. Marcel ameachiliwa Jumatano. Aliniachia karata zake, na sasa silali kwa sababu ya ukimya. Ghent ni sawa. Mjane akiwa na jiko nitajipikia. Mwambie Baba nimemwelewa. Usimwongezee neno jingine, atadhani namlaumu.

Ulilouliza: nilimwambia, "Hatajua. Tutaviosha, tutavirudisha kabatini kabla hajaamka."

Akaniuliza, "Kweli?"

Nikamwambia, "Kweli, Katrijn."

Akasema, "Haya basi," akaacha kutafuta.

Bavo